Mita Kumi na Nane za Zege Pasipopita Mtu

Nasra mwanangu,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini ukirudi kutoka kumuaga shangazi yako utakuwa umechoka, utapita moja kwa moja kulala, na kesho kabla ya adhana ya alfajiri hapa kutakuwa na bajaji, mabegi, na mama yako akiyahesabu mabegi. Kwa hiyo naitikia mapema.

Maagizo ya kila siku sikuandikii. Mama yako ameyaandika yote kwenye karatasi aliyoibandika ndani ya mfuniko wa sanduku lako: chandarua, maji ya kuchemsha, usile ovyo njiani, nani wa kumpigia ukifika. Nimeisoma. Haina kosa, ila amesahau kwamba una miaka ishirini na mitatu.

Mie nataka kukuandikia kuhusu njia ya zege. Usicheke. Unakwenda kuwa fundi sanifu wa halmashauri. Utanyoosha kidole na kusema mfereji upite hapa, kivuko kikae pale, na watu wazima watachimba. Kabla hujakinyoosha, nataka uwe na maelezo kamili, kutoka kwa mhusika mwenyewe, ya jinsi baba yako, mtu aliyelipwa miaka ishirini na saba kwa kuuliza watu maswali, alivyojenga mita kumi na nane za zege mahali asipopita mtu. Mengine uliyaona. Mengine sijamwambia mtu.

Sababu ilikuwa nzuri, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Masika ya mwaka jana uwanja wetu uligeuka tope tupu, na majirani wote wa Toangoma ni mashahidi. Magoti ya Bibi yako yalikuwa yameanza kukataa. Daktari alinivuta pembeni akaniambia, "Huyu mama asiache kutembea. Akikaa kitandani mwezi mmoja, miwili, usitegemee atainuka tena." Nikaandika kwenye daftari, kama ninavyoandika kila kitu. Nikarudi nyumbani nimeshaamua: Bibi atapata njia ngumu, kavu, tambarare, ya kutembelea mvua na jua.

Sasa tazama nilivyofanya utafiti. Nilikwenda Mikocheni kutazama njia ya rafiki yangu, nikaipima kwa hatua. Nikaenda mpaka Mbezi Beach, kwa mtu niliyewahi kufanya naye kazi, nikainama getini kwake kutazama kingo za zege lake hadi mlinzi akaniuliza nimepoteza nini. Nikachora. Nikapima kutoka getini hadi ngazi ya baraza: mita kumi na nane. Upana mita moja na robo, watu wawili wapishane. Nikataka iinuke kiganja kizima juu ya mchanga, ionekane. Nilizunguka nusu ya jiji kutafuta njia ya mama yangu, na sikutembea hatua kumi kwenda uani kumuuliza mwenyewe anapita wapi.

Ungeniuliza siku ile ningekujibu bila kusita: anapita mlango wa mbele. Kwa nini? Kwa sababu mie napita mlango wa mbele. Naingia getini, napanda baraza, naingia sebuleni. Ndivyo anavyoingia kila mwanamume ninayemjua. Uani nafika kuoga na kuuliza chakula. Miaka kumi na minne tumekaa kwenye kiwanja hiki na sikuwahi kujua kwamba nyumba hii ina mbele mbili.

Wewe ulijua. Hapa ndipo penye jambo ninalotaka kulisema, nalo sitalizungusha.

Siku Fundi Mbwana alipokuja kuvuta kamba ya kupimia njia, ulikuwa umesimama karibu na simtangi la maji, umeshika kikombe cha chai. Uliuliza, "Baba, maji yatapita wapi?" Nikakuambia maji yatapita yanapopitaga siku zote. Ukauliza tena, "Na Bibi atapita wapi?"

"Atapita njiani," nikasema.

"Njia ipi, Baba?"

Fundi Mbwana akaacha kamba. "Mzee," akasema, "siku hizi watoto wa chuo wanatufundisha kazi. Mie nimemwaga zege yeye hajaota meno."

Nikacheka naye. Kisha nikakuambia, "Wewe peleka kikombe ndani." Mbele ya fundi, mbele ya vibarua wake wawili. Ulikuwa na cheti cha fani hiyo hiyo, hakijamaliza hata mwezi. Ukapeleka kikombe ndani.

Nimeripoti mikutano mingi ambayo mtu mmoja aliuliza swali la maana akaambiwa akae. Nilikuwa nikiona uchungu kwa niaba yake, naandika jina lake, namtafuta nje mkutano ukiisha. Siku ile mwenye meza kuu nilikuwa mie, na sikuona chochote.

Wakamwaga zege Jumamosi. Toroli moja ya mchanga kwa mbili za kokoto kwa mfuko wa saruji, hilo nililisimamia kwa macho yangu. Maji sikuyasimamia. Fundi Mbwana anapenda zege linalojimwaga lenyewe kama uji, haumizi mgongo, na kila nilipogeuka ndoo nyingine ilikuwa imeingia. Hukuwepo kusema. Ulikuwa ndani na kikombe chako.

Saa kumi jioni walikuwa wamemaliza, wamepitisha mwiko, inang'aa. Nikaingia kuswali. Nilipotoka nikamkuta fundi ameshika kiuno.

"Mzee, njoo uone mambo ya Bi Mkubwa."

Nyayo. Za kandambili, za mguu wa kulia ulionyooka na wa kushoto unaoburuzwa, na kando yake vitundu vya mkongojo. Na wala hazikufuata njia. Ziliikata. Zilitoka upande wa kushoto wa nyumba, zikaikata njia yangu mshazari katikati, zikatokea upande wa pili kuelekea ua wa michongoma, kwenye ule mwanya wa kwenda kwa jirani yetu Bi Tatu. Nyayo saba. Nilizihesabu, maana kuhesabu ndiko ninakokujua.

Nilimfuata Bibi mpaka kwenye mwanya, sauti juu. Mtaa ulisikia.

"Mama! Njia hiyo hapo! Nimekujengea wewe! Huioni?"

Akageuka taratibu, zege limemganda kwenye kandambili. "Nimeiona, mwanangu. Nzuri. Hiyo njia yako. Yangu inapita hapa."

"Si ungetoka mlango wa mbele ukapita juu ya zege likikauka, ukaenda getini, ukazunguka kwa Bi Tatu kwa barabarani?"

"Getini nikafanye nini? Mlango wa mbele ni wa wageni na jeneza," akasema. "Mie si mgeni, na jeneza bado."

Akapenya kwenye michongoma akaenda kumsimulia Bi Tatu, na nikasikia wanawake wawili wazee wakinicheka kwa dakika nzima.

Mwanangu, nilikuwa nimepewa kila kitu. Mahali, mwelekeo, urefu wa hatua, hata mguu upi unauma. Ungesema mtu amenichorea ramani kwenye zege bichi na kuniwekea sahihi. Unajua nilifanya nini? Nilimwambia Fundi Mbwana, "Ziba hayo." Akapitisha mwiko, zikafutika, njia ikang'aa tena. Nimewahi kuwasema kwa maandishi watu waliofuta ushahidi.

Nilipokuwa kijana kazini, nilitumwa kuandika uzinduzi wa kisima huko pwani ya kusini. Nilifika nimechelewa, hotuba zimekwisha, nikachukua maelezo kwa mwenyekiti nikaandika kwamba wananchi wamefurahi. Wiki chache baadaye akaja mwanamke ofisini, amebeba gazeti limekunjwa. "Wewe ndiye uliyeandika wananchi wamefurahi? Mie ndiye mwananchi. Sikufurahi." Kisima kilikuwa kimechimbwa mbele ya kijiwe cha wanaume wanapocheza bao. Hakuna mwanamke aliyetaka kuinama pale na ndoo huku anatazamwa, kwa hiyo walikuwa bado wanakwenda mtoni. Nilimwomba radhi, nikamnywesha chai, na kwa miaka mingi nimewasimulia waandishi wachanga kisa hicho kama mtu aliyejifunza. Nimekisimulia vizuri sana. Kumbe kukisimulia ndiko kulikonidanganya kwamba nimejifunza.

Turudi nyumbani. Wiki tatu baadaye mvua ya kwanza ikanyesha, na swali lako la kwanza likajibiwa. Uwanja wetu unainamia upande wa michongoma. Maji yote hutoka kushoto kwenda kulia. Nami nilikuwa nimelaza katikati yake ukuta wa kiganja kizima, kutoka getini hadi barazani. Maji yakafika pale yakasimama. Tukawa na bwawa upande wa kushoto, na ng'ambo ya bwawa ile njia yangu kavu, safi, haina mtu juu yake hata kuku.

Bibi akatoka saa yake. Akaingia majini hadi kwenye vifundo, maana njia yake ndiyo hiyo, akainua mguu mbovu kupanda ukingo, mkongojo ukateleza. Nilikuwa barazani nasoma. Nilisikia kishindo. Hakupiga kelele. Nilipofika alikuwa amekaa kwenye maji, mkono wa kulia ameushika kwa wa kushoto, akasema, "Sasa hii kweli umenijengea mie."

Kifundo cha mkono kilivunjika. Wiki sita za plasta. Lakini mkono haukuwa tatizo, na hili ulilijua kabla yangu: mkono wa mkongojo ukifungwa, na miguu imefungwa. Akakaa chumbani. Wiki ya kwanza tukasema anapumzika. Wiki ya tatu miguu ikaanza kuvimba. Nilikumbuka maneno ya daktari, nikafungua daftari kuyasoma tena, kana kwamba yangekuwa yamebadilika.

Na kila asubuhi, baada ya chai, sauti ya Bi Tatu kutoka ng'ambo ya michongoma:

"Zuhura wee! Umenisusa?"

"Sijakususa! Nimefungwa!"

"Na nani?"

"Na mwanangu! Kwa saruji!"

Nilikuwa nikiyasikia hayo huku nanyoa ndevu.

Plasta ilipotolewa nikafanya kosa jingine. Nilimshika mkono, nikamtoa mlango wa mbele, nikamtembeza juu ya zege kutoka barazani hadi getini, kutoka getini hadi barazani. Mita kumi na nane kwenda, kumi na nane kurudi. Nikamwambia tutafanya hivi mara tano kila siku. Safari ya pili akasimama katikati.

"Tunakwenda wapi?"

"Hatuendi mahali, Mama. Unatembea tu."

"Kutembea tu hutembea mwehu," akasema. Akaomba kiti. Kesho yake alikataa kuinuka. Keshokutwa pia. Mama yako akaniambia, "Baba Nasra, huyo si mgonjwa wa magoti, huyo hana pa kwenda." Aliyasema akikuna nazi, hakuniangalia hata usoni, na akarudi kwenye nazi yake.

Siku hiyo sikwenda kazini. Nilikwenda uani, nikaketi kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, na nikakaa hapo kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Mama yako alidhani naumwa. Sikuuliza kitu, nilitazama tu. Aliingia mwenye vitumbua. Aliingia mke wa jirani wa nyuma kuazima chungu. Alikuja mwingine kurudisha sahani, na ndani ya sahani pana maandazi, maana sahani hairudi tupu. Akaja binti wa Bi Tatu kuuliza hali ya Bibi, mara mbili. Watu tisa. Mlango wa mbele, muda wote huo, aligonga mmoja, msoma mita za umeme. Barabara kuu ya nyumba yangu ilikuwa uani, nami ningeweza kuapa mahakamani kwamba haipo.

Nikaingia chumbani kwa Bibi. "Mama, naomba uniambie. Wewe unapita wapi?"

"Mpaka nimevunjika ndiyo unaniuliza?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi kaa."

Akanieleza, na niliandika. Anatoka mlango wa uani. Anashika ukuta wa jiko kwa mkono wa kushoto, hatua tano. Kulia hapiti kwa sababu ya simtangi na shimo la choo. Anazunguka nyumba kushoto, kwenye kivuli, anapumzika palipo na jiwe la kufulia. Halafu anakata uwanja, anapenya mwanya. Hatua themanini na nne wakati wa kaskazi, tisini na kitu masika. Maisha yangu yote nimepata vyanzo vichache vya habari vilivyosema kwa usahihi hivyo.

Kisha ilinibidi niende kwa Bi Tatu. Zege haliishii mwanyani bila mwenye upande wa pili kukubali. Ukilimwaga umemwekea mwenzio njia ya milele. Nilitaka kuzunguka kwa barabarani, nibishe hodi mlango wa mbele kama mtu mzima. Bibi akasema, "Pita nilipokwambia." Nikapenya kwenye michongoma nikichanika shati. Bi Tatu alikuwa amekaa ukumbi wa nyuma, anachambua mchele kwa vidole.

"Nani huyo anapita njia ya wanawake kwa miguu mizito?"

"Mie. Shikamoo, Bi Tatu. Mtoto wa Bi Zuhura."

"Marahaba. Ah, fundi saruji. Umekuja kunifunga na mie?"

Nikajieleza. Nikamwambia nataka kuweka zege kutoka mlango wetu wa uani hadi kwenye mwanya, usawa wa mchanga, maji yapite juu yake. Kwamba naomba ruhusa niishie pale.

"Uishie pale kwa nini?"

"Ndio mpaka wetu, Bi Tatu."

"Sikiliza, mwanangu. Miaka sita Zuhura ndiye anayekuja kwangu, mvua na jua. Umewahi kujiuliza mbona mie siji kwake?" Akaendelea kuchambua mchele. "Mchanga haushikiki. Leo kishimo hapa, kesho pale, kuku wamefukua. Nikitoka hapa siwezi kujua nimefika wapi. Nipe kitu kigumu chenye ukingo, fimbo yangu iusikie. Ulete mpaka kwenye kizingiti changu. Halafu uone nani atamfuata nani."

Sikuwa nimejiuliza.

Ile kazi ya pili uliifanya wewe, Nasra, na ningetaka ijulikane hivyo. Sikukuita. Hata baada ya yote hayo nilishindwa kufungua mdomo nikuite. Ulitoka mwenyewe asubuhi ile na pima maji mkononi, ukapita mbele yangu, ukamsalimia Fundi Mbwana, ukaanza kupiga vigingi. Ulisema shindilia kwanza, mara tatu, ukawasimamia. Ukashusha zege lilingane na ardhi. Ukalipatia mteremko mdogo ambao jicho halioni na maji yanauona. Ukakata mianya kila mita moja na nusu ili lisipasuke ovyo, lakini mianya myembamba, fimbo isinase. Maji ulipima kwa ndoo. Fundi alipotaka kuongeza, ulisema, "Hapana, Fundi. Shikamoo, lakini hapana." Nami nikasikia yule mzee akisema, "Haya, Injinia. Nimwage wapi?" Halafu mkaikata ile njia yangu mahali pawili, mkafungua bwawa, na mkaitoboa pale pale nyayo zilipokuwa, njia mpya ipite.

Hukusema, "Nilikwambia." Mama yako alisema kwa niaba yako, mara nne.

Siku saba za kulowesha magunia juu ya zege likomae, ulikaa na Bibi kama askari jela asikanyage. Siku ya nane ukamwambia tayari. Akasema, "Nitatoka nikitaka." Hakutoka. Siku ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja. Njia nzuri, mahali penyewe, na mwenye njia amekaa kitandani anatazama ukuta. Nilijua nini kimetokea. Tulikuwa tumechelewa. Alikuwa anaogopa, na sikuwahi kumwona mama yangu akiogopa. Hakuna fundi wa jambo hilo.

Leo mchana ulipokuwa mjini kufuata tiketi, nilikuwa uani. Ndiyo, siku hizi nakaa uani. Nikasikia tak, tak, kutoka upande wa michongoma. Fimbo kwenye ukingo wa zege. Taratibu, inasimama, inaendelea. Bi Tatu akatokea kwenye kona ya jiko, peke yake, kanga moja mabegani, uso umeinuka juu kama mtu anayesikiliza mvua.

"Zuhura! Nimefika wapi?"

Kutoka chumbani, sauti ya Bibi: "Tatu? Umeletwa na nani?"

"Nimejileta. Miaka sita unanitangazia una jiko zuri, nimekuja kulishika. Kumbe bovu!"

Nilisikia kitanda kikilia. Nilitaka kukimbia kumshika, mama yako akanivuta shati, hivi, kwa nguvu. Bibi alitoka mlangoni ameshika fremu kwa mkono uliovunjika. Akasimama. Akasema, "Ngoja basi nikurudishe, utapotea."

Wakaenda. Kipofu mbele na fimbo, kiwete nyuma ameshika kanga yake, wanagombana nani anamwongoza nani. Pale jiwe la kufulia wakapumzika. Sikuhesabu hatua.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Huko uendako utapewa michoro, na utaikuta imechorwa na mtu kama mie. Kabla hujapiga kigingi, tazama majani yamekufa wapi. Hapo ndipo watu wanapita. Wakikuitikia "ndiyo" haraka, hujauliza bado. Na kama una hakika, na mkubwa akakuambia upeleke kikombe ndani, peleka, kisha urudi. Uliuliza mara mbili ukanyamaza. Sikulaumu, adabu tuliyokufunza sie ndiyo iliyokufunga mdomo. Lakini zege halijui adabu, linaganda lilipo. Uliza mara ya tatu, hata kama mwenye kamba ni baba yako. Hasa kama ni baba yako.

Nilikosea kukuambia vile mbele ya watu. Nisamehe. Nimeandika kurasa hizi zote nikiuzunguka mstari huo, nawe umeona.

Jambo la mwisho ni la kesho. Dereva wa bajaji nimemwambia asije getini. Atasimama upande wa Bi Tatu. Mabegi nitayabeba mie, tutatoka mlango wa uani, tutashika ukuta wa jiko, tutapita jiwe la kufulia hadi mwanyani. Bibi amesema atatusindikiza mpaka kizingiti cha Bi Tatu, na Bi Tatu amesema atakuwa macho. Mlango wa mbele usiuguse. Ule ni wa wageni, na hata ukikaa huko miaka kumi, mgeni hapa hutakuwa.

Baba yako, uani